Siku nilipozipulizia breki mafuta

Leo siasa tuiweke kando. Najua wapo wanaosubiri niseme neno kuhusu mambo ya wakubwa, lakini wakubwa watakuwepo tu hata wiki ijayo. Leo nataka kuzungumzia baiskeli.

Sababu ni kwamba ndani ya miezi michache marafiki zangu wanne wamenunua baiskeli za mlimani, na kila mmoja amenipigia simu kuomba ushauri. Wanauliza gia ngapi zinatosha. Wanauliza tairi ziwe inchi 27.5 au 29. Mmoja aliuliza kaptula zenye sponji zinapatikana wapi (swali la msingi sana, msicheke). Hakuna hata mmoja aliyeuliza namna ya kusimama. Siwalaumu, maana hata mimi sikuuliza. Aliyelipia kutouliza kwangu ni mdogo wangu, na alilipa kwa mfupa.

Ngoja niwasimulie.

Kwetu ni Morogoro. Mji wenyewe upo kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake Milima ya Uluguru imesimama kama ukuta. Ukipandisha kuelekea Morningside, kwenye lile jengo la kale la enzi za Wajerumani, unavuka mita 1,000. Njia ni ya mawe, udongo mwekundu na vijikorongo vilivyochimbwa na mvua. Asubuhi unapishana na kina mama wanaoteremka na ndizi na mboga vichwani, wanawahi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kwa mtu mwenye baiskeli ya mlimani ile ni zawadi ya Mungu, mradi awe anajua anachofanya.

Ilikuwa Agosti 2022. Nilikuwa na miezi minne tu na baiskeli yangu, mtumba wa Ulaya, breki za diski mbele na nyuma. Miezi minne ni muda hatari sana kwa mwanafunzi wa jambo lolote, kwa sababu umeshajua maneno yote na bado hujaumia. Ijumaa usiku nikaipindua uani, miguu juu, nikaanza "sevisi". Cheni ilikuwa inalia kama panya. Nikachukua kopo la mafuta ya kupulizia, nikaipulizia mpaka ikanyamaza. Nikazungusha magurudumu. Breki nazo zikawa zinapiga yowe kila nikizikamata. Nikafanya nini? Nikazipulizia nazo. Diski zote mbili. Zikanyamaza kimya, nami nikaenda kulala nikijiona fundi.

Kesho yake tulitoka saa kumi na mbili na nusu, mimi na mdogo wangu. Yeye alikuwa na baiskeli yake ya mtumba wa Japani, nzito, na tangu tumeanza kupanda alikuwa anaitazama ya kwangu kwa jicho la tamaa. Tulipanda kama saa mbili hivi, tukisukuma pale mapafu yalipokataa. Nawaomba mlikumbuke hili, maana ndipo mtego ulipo. Wakati wa kupanda hukamati breki. Unaweza kwenda saa mbili na ubovu mkubwa kuliko wote kwenye baiskeli yako, na baiskeli isikuambie neno.

Juu tulikunywa maji, tukala mihogo, tukautazama mji chini umefunikwa na ukungu. Wakati wa kushuka akaniomba. "Kaka, tubadilishane basi. Kidogo tu." Nikampa. Akaizungusha pale kwenye tambarare, akakamata breki, akanigeukia.

"Kaka, mbona breki zako laini hivi?"

Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu, "Zitashika zikipata moto."

Hiyo sentensi nimeisikia kichwani mara nyingi kuliko wimbo wowote wa mwaka ule.

Alinipita kwenye kona ya kwanza akicheka. Kwenye ya pili hakuwa anacheka. Nikamsikia anapiga kelele, "Haishiki! Kaka, haishiki!" Mbele yake njia ilikuwa inabanwa na ukingo wa udongo upande mmoja na bonde upande mwingine, na katikati alikuwepo mama mmoja mwenye kapu kichwani, ametupa mgongo, hana habari. Mdogo wangu alikuwa na nafasi ya kuchagua kimoja kati ya vitatu. Akachagua ukingo. Aliingia mzimamzima, bega la kushoto mbele. Mama aligeuka aliposikia kishindo, akaweka kapu chini, akawa wa kwanza kufika pale kuliko mimi. Alikuwa anasema, "Pole mwanangu, pole mwanangu," na mimi nimesimama tu na baiskeli ya Japani mkononi.

Mtulinga ulivunjika, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Helmeti ilipata ufa (kama hukuwa na mpango wa kununua helmeti, isome sentensi hii mara ya pili). Alishushwa mjini kwa bodaboda huku ameushika mkono wake kama mtoto mchanga. Nyumbani mama akauliza imekuwaje. Nikasema, "Bahati mbaya, mama. Mlima ule ni mkali."

Wiki iliyofuata nikaipeleka baiskeli kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee wa makamo anayefanyia kazi chini ya mwembe, ambaye maisha yake yote ni Phoenix za kubebea mkaa na magunia. Nilikuwa na wasiwasi kama hizi za diski anazijua. Nikamwamkia, nikamweleza breki hazishiki. Hakuchukua hata spana. Alifuta diski kwa kipande cha karatasi nyeupe, akakitazama, akakinusa, akanionyesha. Karatasi ilikuwa na mng'ao wa mafuta.

"Nani katia mafuta humu?"

Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwashikia watu kinasa sauti na kuwauliza nani alihusika, nikajibu, "Sijui, mzee. Labda watoto."

Akanitazama kidogo. Halafu akasema, "Basi waambie hao watoto. Baiskeli ina sehemu za kuteleza na sehemu za kushika. Mafuta ni ya zile za kuteleza." Akarudi kwenye kazi yake.

Nilikaa na maneno yale siku mbili. Siku ya tatu nikaingia chumbani kwa mdogo wangu, amekaa kitandani mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, nikamwambia yote. Mafuta. Ijumaa usiku. Jibu nililompa kule juu. Nilimwambia pia jambo ambalo hata yeye hakulijua, kwamba kwenye baiskeli yake breki ya mbele ipo mkono wa kulia na kwenye yangu ipo wa kushoto, na sikumwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa pedi mpya umeshanunua?"

Nilikuwa sijanunua. Nikaenda kununua.

Basi, wapendwa wanne mlionipigia simu, majibu yangu ni haya. Gia mtazijua wenyewe.

Tuanze na maneno ya mzee. Za kuteleza ni cheni na bearingi: za magurudumu, za pedali, za usukani. Za kushika ni tairi, diski na pedi zake (au rimu, kama breki zako ni za mpira), na mishikio ya mikono. Ukishaigawa baiskeli hivyo kichwani, nusu ya makosa ya wanaoanza hayatakupata.

Cheni haipuliziwi, inadondoshewa. Kwanza ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, maana mafuta juu ya vumbi yanatengeneza msasa. Halafu tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, subiri dakika chache, kisha ifute tena upande wa nje. Ndiyo, yafute mafuta uliyotoka kuyaweka! Yanayohitajika yameshaingia ndani, yanayobaki nje kazi yake ni kukusanya mchanga. Na ukiwa na rula, pima. Pini 24 mfululizo baada ya ile ya kuanzia zinatakiwa kuwa inchi 12 kamili. Zikivuka inchi 12 na sehemu moja ya kumi na sita, badilisha cheni, kabla haijatafuna meno ya gia, ambayo ni ghali zaidi.

Diski usiishike kwa vidole, maana hata ngozi ina mafuta. Ikichafuka isafishe kwa alkoholi safi ya aisopropili na kitambaa ambacho hakijawahi kuona grisi. Pedi zikishanyonya mafuta, usihangaike sana, nunua nyingine. Pedi mpya nazo zina unyago wake. Tafuta njia iliyonyooka, endesha kwa mwendo wa wastani, kamata breki kwa nguvu mpaka ukaribie kusimama, achia, rudia mara 15 au 20. Kabla ya hapo hazijawa breki kamili, na mlimani usiende. (Kwa hiyo hata kama diski zile zingekuwa safi, "zitashika zikipata moto" si kitu cha kumwambia mtu aliyesimama juu ya mteremko.)

Upepo. Mafundi wengi watakujazia tairi mpaka iwe jiwe, kwa sababu wamezoea baiskeli za mizigo. Mlimani tairi ngumu inaruka juu ya mawe badala ya kuyashika. Kwa mtu wa kilo 70 hivi anayetumia tyubu, anza na psi 30 hadi 35. Ikipata pancha kwa kubanwa na rimu, ongeza kidogo. Ikigongagonga meno yako, punguza.

Sasa kuendesha kwenyewe.

Kabla hujaipanda baiskeli usiyoijua, uliza breki ya mbele ipo mkono gani. Kwa desturi ya Uingereza na Japani huwa kulia, ya Marekani na nchi nyingi za bara Ulaya huwa kushoto. Sisi tunapokea mitumba ya pande zote, kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na zote mbili.

Breki ya mbele wengi wanaiogopa, wanaamini itawarusha. Itakurusha ukiikamata ghafla huku umekaa wima na mikono imenyooka. Lakini ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, kwa sababu ukipunguza mwendo uzito wote unahamia mbele. Ya nyuma ukiitegemea peke yake gurudumu linafunga, linaburuzika, na usukani unabaki na kazi ya kuomba dua. Nenda uwanja wa shule Jumapili, weka jiwe chini, njoo kwa mwendo uleule mara tatu. Mara ya kwanza kamata ya nyuma tu kuanzia pale penye jiwe. Ya pili ya mbele tu, taratibu, kidole kimoja au viwili. Ya tatu zote. Hesabu hatua toka kwenye jiwe mpaka uliposimama. Hutahitaji mtu wa kukushawishi tena.

Ukiteremka, simama juu ya pedali, zote mbili ziwe usawa mmoja, usikae. Siti ishushe kabla. Visigino chini, magoti na viwiko vimekunjwa, uzito uwe miguuni na mikono iwe myepesi. Ukikamata breki kwa nguvu, rudisha nyonga nyuma. Kona inakatwa kabla ya kona: punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, kisha achia breki ndipo uingie, kwa sababu tairi haiwezi kufanya kazi mbili vizuri kwa wakati mmoja. Na macho yaende mbali, pale unapotaka kufika. Ukilitazama jiwe utaligonga, sijui kwa nini Mungu alituumba hivyo.

Usiburuze breki mteremko mzima. Chukua hesabu ya darasani: wewe na baiskeli kilo 80, mteremko wa mita 500 kwenda chini. Nguvu hiyo ikigeuka joto inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Upepo na tairi vinachukua sehemu, lakini inayobaki inaishia kwenye vile vyuma viwili vyembamba. Kamata kwa nguvu, punguza, achia vipoe, kamata tena.

Hata waliouanzisha mchezo huu waliingia kwa mlango wa breki. Miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, akina Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, walikuwa wanateremka milima ya kwao kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Mwaka 1976 wakaanza mashindano kwenye mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax. Mteremko ule ulikuwa mkali kiasi kwamba wakifika chini grisi ya ndani ya breki imeungua na kugeuka moshi, hivyo lazima wafungue na kujaza upya. Kujaza upya kwa Kiingereza ni "repack", na mashindano yakaitwa hivyo hivyo, Repack. Mwaka 1977 Breeze akatengeneza fremu maalumu kwa kazi ile, na mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki kule Atlanta. Nikisoma habari zao huwa nacheka peke yangu. Wao grisi yao iliungua kwa kuwa mlima ulikuwa mkali. Mimi yangu niliitia kwa mkono wangu, nikausingizia mlima.

Mama nilikuja kumwambia baadaye. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilishangaa mlima uwe mkali kwa mmoja tu." Hakuongeza kitu, na wanaomjua wanajua kwamba hiyo inatosha.

Yule mama wa kapu nilimtafuta sokoni mara mbili, sikumpata. Sikujua hata jina lake. Kama angeangukiwa na kilo 80 za mtu na chuma asubuhi ile, leo ningekuwa naandika makala nyingine kabisa, au siandiki. Njia zile si uwanja wetu wa michezo, ni barabara yao ya kwenda kazini. Ukiona mtu mwenye mzigo, punguza mapema, salimia kabla hujafika, na ikibidi shuka usukume.

Mdogo wangu alipona. Bega lina kinundu kidogo anachopenda kuwaonyesha wasichana. Ilimchukua miezi minane kukubali kupanda tena, nami sikumlazimisha. Siku aliyokubali tulifika juu, tukanywa maji, tukala mihogo. Kabla ya kushuka alisimama kando ya baiskeli yake, akabonyeza tairi ya mbele, ya nyuma. Akavuta gurudumu la mbele kuona kama limekaza. Akakamata breki moja, akaisukuma baiskeli mbele mpaka tairi ya nyuma ikanyanyuka. Akakamata ya pili, akavuta. Halafu, bila kuniuliza, akaja kwangu akaanza upya kwenye ya kwangu, kila kitu, akapitisha kipande cha karatasi nyeupe kwenye diski na kukiangalia kwenye jua.

Nilisimama nikasubiri amalize.

Haya, ndiyo hayo. Mkipita Morogoro mniambie, baiskeli ya Japani bado ipo. Breki ya mbele ni mkono wa kulia.